Mbuzi Ndani ya Wimbo wa Ngamia

Bura, Fafi
Februari 12, 2024

Kwa Idman binti Deeq, mpiga piano wa Nairobi,

Liandike hili mahali kabla hujalisahau: mimi Jelle Dagane ndiye mwanamume aliyeimbia ngamia mia tatu kwa siku moja, wakanywa wote wakashiba, na jioni yake nikaitwa harusini nikaimba tena, sauti haina hata mkwaruzo.

Haya, nimeweka kalamu chini nikacheka, na mke wangu Jawahir amenitazama kama mtu aliyeolewa vibaya. Hawakuwa mia tatu. Walikuwa sitini na wawili, na harusi haikuwepo. Lakini ukimwambia mtu wa mjini sitini na wawili, anadhani unahesabu kuku.

Salamu zikukute umekula. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, limejitenga na mwili, sasa lina serikali yake. Jawahir anakusalimu. Alitaka kukuuliza utaolewa lini, nikamwambia ni aibu kuuliza, kwa hiyo nakuuliza mimi. Yule ngamia mwekundu amezaa, dume, macho kama ya chifu. Nyanya yako, dada yangu Timiro, yuko kule Garissa kwa baba yako, anakunywa chai na kunyamaza, kazi anayoiweza kuliko wote.

Barua yako Roda wa maziwa aliikuta imebandikwa ndani ya kifuniko cha jerikani tupu iliyorudi kutoka Eastleigh. Inanuka mtindi. Njia ni hiyo hiyo, tusiibadilishe. Simu yangu inaposema, nyumba nzima inajibu. Na usinicheke kwa kuandika Kiswahili. Kisomali nakisema mpaka mate yananikauka, lakini kukiandika hakuna aliyenionyesha. Niliacha shule darasa la nne, na mwalimu alikuwa wa Kiswahili, na fimbo yake pia.

Sasa hilo neno lako. Unatunga muziki wa chumba, fidla mbili, viola, sello, piano na mtu mmoja wa kuimba, na unataka ndani yake wimbo wa kisima cha baba yangu, ule wa kunyweshea ngamia. Muziki wa chumba! Sisi chumbani tunalala. Lakini umeniomba vizuri, na hakuna aliyeniomba kitu cha maana tangu mwaka juzi walipotaka kitambulisho changu.

Nimeimba mbele ya simu ya Roda, naye ameitia sauti kwenye ile kadi ndogo. Iko chini ya selotepu. Maneno ya juu juu ni haya:

*Kunywa, we mwenye nundu, kunywa,*
*maji ya Dagane hayakopeshwi.*
*Mbuzi wangu wamelala kivulini,*
*nani atawaamsha nikichelewa?*

Na inaendelea hivyo. Ujue pia namna ya kazi, maana wimbo bila kazi ni kelele. Kisima chetu kule upande wa Takaba kilikuwa kirefu, wanaume wanne ndani, mmoja juu ya mwingine. Wa chini kabisa yuko majini, anajaza ndoo ya ngozi na kumrushia wa juu yake, huyo humrushia wa juu yake, mpaka inafika ukingoni. Ukingoni yuko wa tano, anayemimina horini na kuimba. Mstari mmoja, ndoo moja. Akikosea mstari, ndoo inamwangukia mtu kichwani.

Mwisho wake usiniulize. Wimbo wa kisima hauna mwisho. Ngamia akiinua kichwa, basi.

Wako mwenye goti,
Jelle

*

Nairobi
Machi 3, 2024

Awoowe Jelle, babu wa ngamia sitini na wawili,

Assalaam aleikum. Nimekula, nimelala, sijaolewa. Mwambie Jawahir nitakapoolewa yeye ndiye atakayepika, kwa hiyo asiharakishe. Kazi ya kufundisha watoto piano inaendelea. Wana vidole vizuri na mama wakali.

Nimesikiliza kadi yako mara arobaini. Unakohoa katika mstari wa tatu, na nyuma yako kuna kuku. Nimevipenda vyote viwili.

Lakini ile barua kuhusu kazi ndiyo iliyonikosesha utulivu. Watu wanne kisimani, awoowe! Nami nina wapigaji wanne. Sello nimemweka chini kabisa, majini. Juu yake viola, juu yake fidla ya pili, juu yake ya kwanza. Sauti moja ndogo inaanzia kwa sello na kurushwa kwenda juu, kila mmoja anaipokea na kuiachia, na ikifika ukingoni mwimbaji anaimwaga. Piano ni hori, na ndiye ngamia pia, anakunywa. Tulipojaribu, mpiga viola aliiangusha mara tatu. Nikamwambia kwetu angekuwa ameua mtu. Sasa haangushi.

Onyesho ni Jumamosi, Julai 27, kwenye ukumbi mdogo hapa mjini, viti themanini. Kwenye karatasi ya onyesho nitaandika: *Wimbo wa Jelle Dagane.*

Maswali mawili. La kwanza, nahitaji mwisho. Siwezi kuwaambia watu themanini wakae mpaka ngamia ainue kichwa.

La pili ni mbuzi. Nilipokuwa mdogo nikichunga na Ayeeyo Timiro hapo Bura, wewe mwenyewe uliniambia mwanamume wa ngamia akishika mbuzi, ndevu zinamwanguka. Mbuzi ni wa wasichana na watoto. Basi mwanamume aliyesimama ukingoni, ana ngamia sitini na wawili mbele yake, mbuzi wake wametoka wapi?

Mjukuu wako,
Idman

*

Bura
Machi 20, 2024

Kwa Idman, hakimu wa mbuzi,

Ramadhani karim. Nafunga, na nikifunga huwa sina subira, kwa hiyo soma polepole. Jawahir mzima. Yule dume amevunja uzio wa jirani, na jirani amevunja urafiki.

Mbuzi waliingia kwa sababu mstari ulikuwa mfupi. Wimbo ni kama gari, ikibaki nafasi unapakia chochote. Tumemaliza mbuzi.

Sasa nikupe habari za kweli. Jumapili baba yako alikuja kutoka Garissa na Abdiwahid, yule mwenyekiti wa wazee anayekohoa kwanza ili watu wakae. Wakakaa hapa kwangu, nje. Baba yako hakunitazama. Abdiwahid akakohoa.

"Jelle, tumesikia msichana anaupeleka wimbo wa kisima Nairobi, kwenye fidla."

"Umesikia vizuri," nikamwambia. "Masikio yako bado mazima, alhamdulillahi. Ni meno tu."

"Ule wimbo ni heshima ya watu wetu. Si wa kuchezewa na wageni, watu wamekaa kwenye viti, wameshiba."

"Abdiwahid, mara ya mwisho wewe kuimba ule wimbo ilikuwa lini?"

Akashika ndevu zake.

"Na hao vijana wako watano, yupi anaujua?"

"Vijana wana bomba la maji siku hizi," akasema.

"Basi wimbo umekufa, na wewe umekuja kunizuia nisiwape watu maiti waifufue. Nenda zako, utafuturu umechelewa."

Baba yako akasema, "Abti, unaniaibisha." Nikamwambia, "Deeq, mimi ni mjomba wako. Nilikuosha ulipokuwa hujui aibu ni nini. Usinifundishe leo."

Wakaondoka. Kwa hiyo usiogope mtu. Piga fidla zako. Wakija wazee mia, nitawakalisha hapa hapa, na chai sitawapa, nitasema bado nafunga hata baada ya Idi.

Kuhusu mwisho, nimekwisha kukuambia hakuna.

Jelle

*

Nairobi
Aprili 11, 2024

Awoowe,

Idi njema kwako na Jawahir. Nimekununulia kikoi cha kijani. Roda atakileta kwenye jerikani kavu.

Baba amepiga simu. Amesema nikipanda jukwaani na wimbo huo, nisishuke nikielekea kwake. Nilimjibu kwa adabu yote kwamba nitapanda. Akakata. Sijalia, ila nimefanya mazoezi ya mkono wa kushoto peke yake kwa saa tatu, na jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio.

Jana nilimpata Ayeeyo Timiro kwa simu ya mfanyakazi wa nyumbani. Salamu, afya, Idi, mvua. Kisha nikamwimbia ule mstari wa mbuzi, nikamuuliza ni wa nani. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani. Hakukata simu. Aliiacha wazi, akaondoka, nami nikasikiliza chumba kitupu mpaka mfanyakazi aliporudi.

Awoowe, unanificha kitu. Wewe unajua kudanganya kwa kuongeza, ngamia mia tatu, harusi. Hii ni mara ya kwanza nakuona ukidanganya kwa kupunguza.

Idman

*

Bura
Mei 6, 2024

Kwa Idman,

Sijui barua hii itakufikia lini. Tana imemeza barabara pale Madogo, magari yamelala pande zote mbili, na Roda amemwaga maziwa ya wiki. Pengine ni vizuri. Nimeiandika mara tatu, na mbili nimewapa mbuzi wakala. Wanastahili.

Sisi wazima. Nyumba inavuja juu ya kitanda upande wangu tu.

Sikia. Mwaka 1971, ukame. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, Timiro kumi na saba. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa chini kabisa, majini, na binamu zangu watatu juu yangu. Wa kuimba alikuwa ami yetu, na homa ilimwangusha kabla ya ndoo ya kumi. Ngamia sitini na wawili wamesimama, ulimi nje, na hakuna wa ukingoni. Bila wa ukingoni hakuna mwendo, na bila mwendo wanaume wanagongana.

Timiro alikuwa kivulini na mbuzi. Akawaacha. Akaja, akapokea ndoo, akaimba.

Hakuimba wimbo wa ami. Huo hakuujua, maana wasichana hawasogezwi kisimani pa ngamia. Aliutunga pale pale, ndoo kwa ndoo. Mbuzi uliowaona ni wake, walikuwa wanamsumbua moyoni. Mle chini niliinua uso, naona kipande cha mbingu kidogo kama sahani, na sauti ya dada yangu inashuka pamoja na matone. Nakuapia, ndoo zilikuwa nyepesi.

Kisha baba akatokea na wageni, wazee wa upande wa mchumba wangu. Alipomwona binti ukingoni alipiga kelele toka mbali. Timiro alikuwa katikati ya mstari. *Nami nikishawanywesha nyote*, akafika hapo. Akanyamaza. Wa juu akaacha, wa pili akaacha, wa tatu. Mimi mle chini habari haikunifikia. Niliendelea kurusha ndoo, ikanirudia kichwani. Kovu unalijua, nilikuambia ni simba.

Nilipopanda juu, baba ametazama chini kwa aibu, na mgeni mmoja anauliza, "Ngamia wa Dagane wananyweshwa na wimbo wa mtoto wa kike?"

Nikasema, "Wimbo ni wangu. Nilikuwa naimba toka chini, yeye anarudia tu."

Wageni wakacheka. Baba akapumua. Timiro alinitazama mara moja, akaenda kwa mbuzi wake. Tangu siku hiyo hajaimba, hata mtoto hakumbembeleza kwa sauti.

Mimi nikawa Jelle wa Kisima. Nilioa kwa wimbo huo, Jawahir mwenyewe atakuambia ndio uliomvuta, maana uso haungeweza. Wale binamu watatu walinyamaza kwa ajili ya heshima ya baba, na wote wamekufa. Nimebaki mimi na yeye.

Kwa hiyo mwisho sikukunyima. Siujui. Hakuna anayeujua ila mmoja.

Jelle

*

Nairobi
Julai 1, 2024

Awoowe,

Barua ya Mei 6 imenifikia jana, karatasi imejikunja kama jani, maana jerikani ilikwama Madogo pamoja na za maji za watu. Natumaini paa limezibwa. Mimi mzima.

Nimefuta jina lako kwenye karatasi ya onyesho. Sijaandika jina jingine.

Wapigaji wangu wanne wameujua utungo. Mwimbaji ameujua. Kila tukifika *nami nikishawanywesha nyote* tunasimama, na ukumbi unakuwa kama ile simu aliyoiacha wazi. Mpiga sello aliniuliza, "Tufanye nini hapa?" Nikamwambia sijui.

Siutumii wimbo wa Ayeeyo bila yeye kusema ndiyo. Na sitamwomba kwa niaba yako. Ulimnyang'anya mbele za watu, kamrudishie mbele za watu. Ukishindwa, Julai 27 nitapanda jukwaani niwaambie watu themanini warudi nyumbani, na baba atafurahi, na Abdiwahid atakohoa.

Wewe huogopi wazee mia. Je, dada mmoja?

Idman

*

Garissa
Julai 25, 2024

Kwa Idman binti Deeq, mwenye ulimi wa nyanya yake,

Salamu kwa haraka, goti linauma, Jawahir mzima, yule dume ameuzwa na sijazoea.

Barua yako niliisoma nikakasirika siku nne. Siku ya tano ilikuwa Ijumaa. Baada ya swala watu walipotoka, nilisimama juu ya tofali pale nje ya msikiti ili wanione, na kwa goti hili tofali lenyewe ni mlima. Nikasema, "Mnaoniita Jelle wa Kisima, nimewadanganya miaka hamsini na tatu. Wimbo ulikuwa wa Timiro. Mimi nilikuwa chini, kwenye tope."

Kijana mmoja akacheka. Abdiwahid akakohoa, lakini hakuna aliyekaa.

"Jelle," akasema, "kwa nini unamvua baba yako nguo kaburini?"

"Simvui," nikasema. "Namwambia binti yake alimnyweshea ngamia wake siku wanaume waliposhindwa. Kama hiyo ni aibu, nipeni niibebe, mimi nimezoea mizigo ya uongo, wa kweli utakuwa mwepesi."

Abdiwahid akasema nimezeeka. Nikamwambia hilo nalo ni kweli, leo ni siku ya kweli, tuendelee.

Halafu nikaja hapa Garissa kwa gari la Roda. Baba yako alikuwa mlangoni. Nikapita. Timiro amekaa na chai yake. Habari ilikuwa imekwisha kumfikia, tena kabla ya goti langu. Nilikaa chini, si kwenye kiti, nikamwambia, "Abaayo, dada yangu, nisamehe." Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri. Yote yalikwenda.

Alikunywa chai mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Nilikuwa sijamaliza."

Mimi, kwa ujinga wangu, nikatoa simu ya Roda. Nikasema, "Basi niimbie mwisho hapa, niupeleke kwa mtoto."

Laiti ungeona macho yale. "Wewe?" akasema. "Wewe nilikupa wimbo mzima ukaupotezea jina njiani. Nikupe tena?"

Baba yako akaingia. "Hooyo, mama, watu watasema nini?"

"Watasema Timiro ana sauti," akamjibu. "Sogea, Deeq, unaniziba hewa." Akaulizia viatu vyake.

Kwa hiyo huyo anayekukabidhi barua hii ndiye mwenyewe. Anatoka na Roda kesho alfajiri, atakaa mbele, jerikani nyuma, na kama ananuka maziwa usimwambie. Hajawahi kufika Nairobi. Amesema hatanyoshewa mkono kwenye ngazi, na huyo mwimbaji wako akae kando pale mstari unapokatika. Mwisho hakuniimbia hata mimi, dada yangu wa damu. Ni haki yake. Nami sikumpa barua hii bila kuibandika, maana anapenda kujua ya watu kwa kumwambia Roda amsomee.

Baba yako amekaa nje ya nyumba tangu asubuhi, anatazama barabara. Mwache. Damu ya Dagane huchelewa kupanda juu.

Mimi siji. Goti, na pia mtu wa chini hasikii vizuri akikaa juu.

Ila wewe unayedaiwa hukumbuki, na mimi ninayekudai nakumbuka. Ulipokuwa na miaka saba ulivunja chupa ya chai ya mama yako, ile nyekundu, na mimi nikasema ni mimi, nikanuniwa mwezi mzima. Leo nilipe, ni kitu kidogo. Kwenye karatasi ya onyesho, pale juu andika Timiro Dagane, kwa herufi kubwa, hata kama wino utakwisha. Kisha shuka mpaka chini kabisa, pale ulipoandika jina la mpiga sello, na kama nafasi imebaki, kwa herufi ndogo tu, andika kwamba aliyejaza ndoo alikuwa Jelle.